Sanduku, SACCO, Benki au Simu: Ulinganisho wa Mikopo kwa Mkulima wa Kijijini Uganda

Februari ndiyo mwezi unaombana mkulima wa Uganda kuliko miezi yote. Shule zinafunguliwa na karo inadaiwa, mvua za Machi zinanukia na shamba linataka mbegu na vibarua, ilhali fedha za mavuno ya Desemba zimekwisha kuliwa na sikukuu. Huku kwetu Bwera, wilayani Kasese, karibu na mpaka wa Mpondwe ambako Kiswahili ndicho lugha ya soko kati yetu na ndugu zetu wa Kongo, mazungumzo ya Februari hayakosi neno "loni", na swali linalofuata mara moja ni riba ngapi. Swali hilo ni la haki lakini halitoshi. Mkopo wa mkulima unapaswa kupimwa kwa mambo mawili yanayokwenda pamoja: jumla ya shilingi zitakazotoka mfukoni mwake mpaka deni liishe, na tarehe ya rejesho la kwanza ikiwekwa kando ya tarehe ya mavuno. Nimeona watu wakifilisika kwa mkopo wa riba ndogo uliodai rejesho katika mwezi wa palizi, na nimeona wengine wakisimama vizuri kwa mkopo wa riba kubwa uliodumu wiki sita tu.

Ili ulinganisho uwe wa haki nitatumia mfano mmoja kote, wa mkulima anayehitaji shilingi 1,000,000 mwanzoni mwa Machi apande ekari mbili za mahindi na maharage, na ambaye hatashika fedha ya maana mpaka maharage ya Juni na mahindi ya Julai, ambayo huwa hayajakauka na kuuzwa mpaka mwisho wa Agosti. Huo ni muda wa miezi sita. Hesabu zangu ni za riba tupu. Ada nitazitaja mahali pake, kwa maana ndiko wengi wetu tunakonyolewa bila maji.

Sanduku la kikundi

Kikundi cha kuweka na kukopa, ambacho maafisa wanakiita VSLA na wanakijiji wanakiita sanduku, kinafuata mtindo ulioanzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991 na ambao leo umeenea katika wilaya nyingi za Uganda. Kikundi chetu hukutana Jumatano alasiri chini ya mwembe. Sanduku ni la bati nene, lina kufuli tatu, na funguo zake zinakaa kwa wanachama watatu tofauti, kwa hiyo halifunguki mpaka wote watatu wafike. Siku moja mwenye ufunguo wa pili alichelewa kwa sababu boda boda iliyombeba ilipata pancha njiani, nasi tukakaa saa nzima tukilitazama lile sanduku kama wageni wanaosubiri sufuria ifunuliwe. Lilipofunguliwa, kila mmoja aliitwa kwa namba, akaweka fedha zake kwenye beseni, wahesabuji wakazitaja kwa sauti ili hata aliyeketi nyuma asikie, na karani akagonga muhuri katika kitabu chake, muhuri mmoja kwa kila hisa. Hisa yetu ni shilingi 2,000 na mtu hununua kuanzia moja hadi tano kwa mkutano.

Faida ya sanduku ni kwamba hakuna anayekuuliza hati ya ardhi wala kukupeleka mjini. Dhamana yako ni hisa zako na uso wako mbele ya majirani. Kwa kawaida huruhusiwi kukopa zaidi ya mara tatu ya akiba yako, na riba, ambayo wanachama wenyewe huipanga mwanzoni mwa mwaka, mara nyingi huwa kati ya asilimia 5 na 10 kwa mwezi. Mtu wa benki akisikia asilimia 10 kwa mwezi hushtuka, na ana sababu, kwa kuwa mkulima wetu wa mfano angelipa shilingi 600,000 kwa miezi sita, au 300,000 kama kikundi kinatoza asilimia 5. Hata hivyo riba hiyo hairuki nje ya kijiji. Mwisho wa mzunguko, sanduku linapogawanywa, kila mmoja hupata sehemu ya faida kulingana na hisa zake, na hivyo mwenye hisa nyingi anayekopa kwa kiasi hujikuta amejilipa mwenyewe sehemu ya riba yake. Mwenye hisa chache anayekopa sana, kwa upande wake, anawafanyia wenzake kazi, na ni vizuri ajue hivyo mapema.

Udhaifu mkubwa wa sanduku kwa mkulima hauko kwenye riba hata kidogo. Uko kwenye kalenda. Vikundi vingi hugawana Desemba ili watu wapate nguo na nyama ya Krismasi, kisha huanza upya Januari na sanduku tupu. Tufanye hesabu ya kikundi cha watu 25, kila mmoja akinunua wastani wa hisa tatu za shilingi 2,000 kwa wiki. Kinakusanya shilingi 150,000 kila wiki, na baada ya wiki nane, yaani mwanzoni mwa Machi, kina shilingi 1,200,000 za watu wote 25, na wote 25 wanataka mbegu katika wiki ileile. Mwanachama aliyeweka upeo wa hisa tano kila wiki ana akiba ya 80,000 na anaweza kuomba 240,000, kama zipo. Sanduku, kwa maneno mengine, huwa na fedha nyingi mnamo Septemba na Oktoba na halina kitu katika mwezi ambao shamba linalihitaji. Kikundi kimoja cha jirani zetu kilihamisha siku ya kugawana kutoka Desemba hadi wiki ya mwisho ya Februari. Wanachama walinung'unika kwa Krismasi moja, lakini sasa wanaingia msimu na fedha zao wenyewe na baadhi yao hawakopi kabisa. Kwa maoni yangu hilo peke yake lina thamani kuliko kushusha riba kwa asilimia mbili.

Sanduku pia halina mlinzi wa kisheria wa maana fedha zikiibwa, kwa hiyo kikundi kisajiliwe kwa afisa wa maendeleo ya jamii katika makao ya kaunti ndogo, na fedha zikizidi kiasi cha kutisha ziwekwe benki au kwenye akaunti ya simu ya kikundi.

Milioni ya parishi

Mpango wa Maendeleo ya Parishi, unaojulikana kwa herufi PDM, ulizinduliwa na Rais Museveni tarehe 26 Februari 2022 huko Kibuku, na ndio mkopo nafuu kuliko yote ninayoilinganisha hapa. Serikali hupeleka shilingi milioni 100 kwa mwaka katika kila parishi, yaani ngazi ya utawala inayojumuisha vijiji kadhaa, ambayo wazee bado wanaiita muluka, na kaya inaweza kupata hadi shilingi 1,000,000 kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka, ikipewa miaka miwili ya kusubiri kabla ya kuanza kurejesha. Hakuna dhamana ya ardhi. Riba ya mwaka mzima kwa milioni moja ni shilingi 60,000, kiasi ambacho katika sanduku la asilimia 10 kinaliwa kwa siku 18.

Mwombaji anatakiwa awe mkazi wa parishi, awe na kitambulisho cha taifa, awe katika kikundi cha shughuli kinachotambuliwa na SACCO ya PDM ya parishi yake, na kaya yake iwe miongoni mwa zile zinazoishi kwa kilimo cha kujikimu, kwa sababu mpango ulikusudiwa wale asilimia 39 ya kaya za Uganda waliokuwa nje ya uchumi wa fedha. Malipo hupitia akaunti ya mwombaji mwenyewe au pochi ya simu ya Wendi ya Pearl Bank, iliyokuwa ikiitwa PostBank, ili fedha zisipite mkononi mwa mtu mwingine. Serikali imesema mara nyingi kwamba mnufaika hapaswi kumpa afisa yeyote sehemu ya milioni yake, jambo ambalo lisingehitaji kusemwa mara nyingi kama halingetokea mara nyingi.

Kuna mambo mawili yanayofanya nisimshauri mtu ategemee PDM peke yake. La kwanza ni foleni. Milioni 100 zikigawanywa kwa milioni moja moja zinatosha kaya 100 kwa mwaka, na parishi ina kaya mara nyingi ya hizo, kwa hiyo huwezi kujua kama fedha itafika Machi hii, Septemba, au mwaka kesho. Fedha ya mbegu ikifika Mei, mvua zikiwa zinaelekea ukingoni, mtu hujikuta ananunua godoro. La pili ni kwamba umbo la mkopo huu, wenye miaka miwili ya kusubiri, linafaa vitu vinavyokua polepole: miche ya kahawa, ambayo huanza kuzaa vizuri katika mwaka wa tatu, nguruwe jike wa kuzalisha, kuku wa mayai, au ng'ombe wa maziwa anunuliwe kwa kuongezea akiba. Kuutumia kwa msimu mmoja wa mahindi ni kuruhusu fedha ya miaka mitatu iishe kwa miezi sita, na mwaka wa tatu unapofika mtu anadaiwa fedha ambayo hata haikumbuki vizuri.

Emyooga, mpango mwingine wa serikali ulioanza mwaka 2019, unachanganywa mara nyingi na PDM. Huo umejengwa juu ya makundi ya kazi, kama vile waendesha boda boda, mafundi wa kushona, maseremala na wachuuzi wa sokoni, kupitia SACCO za ngazi ya jimbo la uchaguzi. Mkulima anayeuza pia sokoni anaweza kuuingia kwa mlango huo wa biashara yake.

SACCO

Chama cha ushirika cha akiba na mikopo kina ofisi, karani mwenye kompyuta, na uwezo wa kutoa milioni tatu au tano pale ambapo sanduku linakomea laki nne. SACCO za kijijini nyingi husimamiwa na mamlaka ya UMRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 ya taasisi ndogo za fedha na wakopeshaji, na zile kubwa zimewekwa chini ya Benki Kuu ya Uganda. Ni vizuri kujua kwamba Mfuko wa Ulinzi wa Amana, unaomlipa mwenye akaunti hadi shilingi milioni 10 benki yake ikifungwa, unahusu benki na taasisi zenye leseni ya Benki Kuu ya kupokea amana. Akiba katika SACCO ndogo ya kijiji haina kinga hiyo. Kabla ya kuweka fedha zako, omba kuona leseni ya mwaka huu, na uhudhurie mkutano mkuu mmoja usikie hesabu zinavyosomwa.

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji atulie, kwa kuwa tofauti kati ya SACCO moja na nyingine imefichwa katika maneno machache ya fomu. SACCO mbili zinaweza kutangaza asilimia 2 kwa mwezi na zikawa na bei tofauti kabisa. Ya kwanza inatoza riba juu ya mkopo wote wa mwanzo mpaka mwisho, hata ukiwa umerejesha nusu. Ya pili inatoza riba juu ya baki tu. Kwa shilingi 1,000,000 za miezi 12, ya kwanza itachukua riba ya shilingi 240,000, na ya pili, ukirejesha sehemu sawa za mtaji kila mwezi, itachukua 130,000. Muulize karani hivi: "Nikilipa nusu leo, riba ya mwezi ujao itapungua?" Jibu la ndiyo au hapana linakutosha.

Baada ya riba kuna makato. Miaka michache iliyopita niliomba shilingi 1,500,000 katika chama kimoja cha akiba ambacho sitakitaja. Siku ya kupokea nilikatwa 10,000 ya fomu, asilimia 3 ya uchakataji, yaani 45,000, asilimia 1 ya bima, yaani 15,000, na 50,000 za hisa za lazima ambazo hakuna aliyenieleza mapema. Nilitoka na shilingi 1,380,000 mkononi na deni la 1,500,000 kitabuni, na riba ikahesabiwa kwa lile deni la kitabuni. Sikuibiwa, maana yote yalikuwa yameandikwa ukurasa wa tatu wa fomu niliyoisaini nikiwa nimesimama. Tangu hapo huomba nionyeshwe kwenye karatasi kiasi kitakachofika mkononi na jumla nitakayorejesha, na ninalinganisha namba hizo mbili tu.

Kisha kuna ratiba. SACCO nyingi hudai rejesho la kwanza siku 30 baada ya mkopo, kwa sababu mfumo ulibuniwa kwa walimu na wafanyakazi wenye mshahara. Mkulima aliyepokea fedha tarehe 1 Machi hudaiwa tarehe 1 Aprili, mahindi yakiwa na urefu wa goti, naye hulipa kwa kurudisha kipande cha mkopo uleule, au kwa kuuza mbuzi, au kwa kukopa kwenye sanduku ili alipe SACCO. Hiyo ya mwisho ni ya kawaida kuliko watu wanavyokiri. Baadhi ya SACCO zenye wakulima wengi hukubali kupokea riba peke yake kila mwezi na mtaji wote baada ya mavuno. Kwa mfano wetu, kwa asilimia 2, hiyo ni shilingi 20,000 kila mwezi na jumla ya 120,000 kwa miezi sita. Ni ghali kuliko kupunguza mtaji kila mwezi, ambako kungegharimu 70,000, lakini mimi ningelipa hiyo tofauti ya 50,000 bila kusita, kwa maana ndiyo inayomfanya mbuzi abaki zizini.

Benki, na mlango wa pembeni

Benki inaogopwa kijijini, na kwa mikopo midogo woga huo una msingi. Riba ya kawaida ya mikopo ya shilingi imekuwa ikizunguka karibu na asilimia 20 kwa mwaka, ambayo kwa mfano wetu ni kama shilingi 100,000 kwa miezi sita, nafuu kuliko sanduku na SACCO nyingi. Gharama yake iko katika safari, picha, barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na dhamana. Katiba ya 1995 inatambua aina nne za umiliki wa ardhi, na huku milimani ardhi yetu kubwa ni ya kimila isiyo na hati. Kasese ni miongoni mwa wilaya ambako vyeti vya umiliki wa kimila vimetolewa, na mwenye cheti hicho ana karatasi ya kuonyesha. Mwenye kibanja kule Buganda, yaani anayekaa kwenye kipande cha ardhi ya mtu mwingine, atahitaji ridhaa ya mwenye ardhi. Popote pale, ardhi ya familia haiwezi kuwekwa rehani bila ridhaa ya mume au mke, na sheria hiyo imeokoa nyumba nyingi.

Mlango wa pembeni ambao wakulima wachache wanaujua ni Mfuko wa Mikopo ya Kilimo wa Benki Kuu, ACF, ulioanzishwa mwaka 2009. Serikali huchangia sehemu ya fedha, benki ya biashara huchangia nyingine, na mkulima hatozwi zaidi ya asilimia 12 kwa mwaka. Mkopo unaweza kudumu hadi miaka minane na kuwa na hadi miaka mitatu ya kusubiri, na upo mgawo maalumu wa wakulima wadogo, usiozidi shilingi milioni 20, ambao hauhitaji hati ya ardhi. Haukopeshwi kwa kununua ardhi wala kulipia deni jingine. Mfano wetu ungegharimu shilingi 60,000 kwa miezi sita, kwa mkopo unaoweza kufuata msimu. Afisa wa mikopo hatakutajia habari zake usipouliza kwa jina, kwa sababu fomu zake ni nyingi na mkopo wake wa kawaida unamletea benki faida kubwa zaidi. Anayekwenda na kumbukumbu za mauzo ya misimu miwili, hata zikiwa kwenye daftari la shule, anasikilizwa tofauti na anayekwenda mikono mitupu.

Asiye na ardhi ya kuweka rehani ana njia nyingine tangu sheria ya mwaka 2019 ya dhamana ya mali inayohamishika, ambayo inaruhusu ng'ombe, pikipiki, mashine ya kukoboa au hata mazao yaliyoko shambani kuandikishwa kama dhamana. Na kwa mkopo wowote mkubwa wa shamba, ulizia bima ya kilimo, ambayo serikali hulipia nusu ya ada kwa mkulima mdogo. Sisi tuliouona mto Nyamwamba ukifurika, na tunaolala tukiwasikiliza tembo wa Hifadhi ya Queen Elizabeth wakivuka kuja mashambani, tuulize kabla ya kusaini kama tembo wameandikwa ndani.

Simu, mkopeshaji, na kahawa ya ua

Mkopo wa simu unaelezwa haraka. MoKash ya MTN, iliyoanza mwaka 2016, hutoza asilimia 9 kwa siku 30. Ukikopa shilingi 100,000 unarejesha 109,000, na ukitoa taslimu unaongeza ada ya wakala na kodi ya asilimia 0.5. Kwa mtoto anayeumwa usiku, fedha inayofika kwa dakika moja haina mpinzani. Kwa msimu haifai: mfano wetu, kama ungewezekana kuuzungusha mara sita, ungegharimu 540,000, na kiwango anachopewa mkopaji mpya ni kidogo mno kwa ekari mbili. Anayeshindwa kulipa huweza kuripotiwa katika ofisi za kumbukumbu za mikopo, na kudaiwa kidogo kwenye simu kunaweza kumzuilia milioni tano za benki baadaye.

Mkopeshaji mwenye leseni, tangu mwisho wa mwaka 2024, haruhusiwi kuzidi asilimia 2.8 kwa mwezi, yaani shilingi 168,000 kwa mfano wetu. Asiye na leseni hutoza anavyotaka, na asilimia 20 kwa mwezi si ajabu kuisikia hapa, ambayo ni 1,200,000 kwa miezi sita. Kushika kitambulisho chako cha taifa au kadi ya benki kama dhamana ni kinyume cha sheria hata kwa mwenye leseni. Hatari kubwa kuliko riba ni karatasi. Wapo wanaomsainisha mkopaji mkataba wa kuuza shamba mahali pa mkataba wa mkopo, na siku ya kuchelewa shamba huwa limekwisha "kuuzwa". Usisaini neno "nimeuza" kwa fedha uliyoikopa, na mkataba usomwe kwa sauti mbele ya mwenyekiti wa LC1 na mwenzi wako.

Kisha lipo lile ambalo halihesabiwi kuwa mkopo kabisa: kuuza kahawa ikiwa ua. Mfanyabiashara huja kahawa inapochanua, hutoa fedha taslimu, na huandika magunia atakayoyachukua wakati wa mavuno. Hakuna fomu wala riba, na mara nyingi ni mtu anayefahamika, aliyewahi kukusaidia katika msiba, kwa hiyo kumkatalia kunaonekana kama utovu wa shukrani. Tuhesabu. Akikupa bei iliyo nusu ya ile ya mavuno, unapokea shilingi 1,000,000 na kutoa kahawa ambayo ingekupa 2,000,000. Umelipa milioni moja kukopa milioni moja kwa miezi sita, ghali kuliko sanduku la asilimia 10. Tena kuna hasara isiyoonekana: mwenye kahawa iliyouzwa hana hamu ya kuipalilia wala kuchuma zilizoiva tu, na ushirika unaolipa nyongeza kwa kahawa nyekundu haupati kitu kutoka kwake. Kama una miti ya kahawa na una njaa ya fedha mnamo mwezi wa maua, sanduku la asilimia 10 ni rafiki.

Kuchagua

Tukiziweka namba za milioni moja kwa miezi sita kando kwa kando, PDM inagharimu kama shilingi 30,000, ACF 60,000, benki ya kawaida karibu 100,000, SACCO ya asilimia 2 kati ya 70,000 na 120,000, mkopeshaji mwenye leseni 168,000, sanduku 300,000 hadi 600,000, simu 540,000, kahawa ya ua kama 1,000,000, na mkopeshaji wa kificho 1,200,000. Mpangilio huo unaonekana kusema kila mtu akimbilie juu ya orodha. Tatizo ni kwamba fedha ya juu ya orodha hufika polepole na ya chini hufika leo, na shamba halisubiri.

Kwa hiyo ningemshauri mkulima aigawe haja yake badala ya kutafuta mkopo mmoja wa kuibeba yote. Kinachodumu miaka, kama miche na mifugo, kiombewe PDM au ACF, na maombi yapelekwe mapema bila kuifunga kalenda ya shamba kwenye jibu lake. Pembejeo za msimu ziende SACCO, kwa sharti la mtaji kulipwa baada ya mavuno, na kama SACCO yako haikubali sharti hilo, punguza ekari kabla ya kukubali ratiba ya mwenye mshahara. Sanduku litumike kwa pengo la mwezi mmoja au miwili, ambamo asilimia 10 haina muda wa kuuma. Simu ibaki kwa dharura, na idadi ya mikopo inayotembea kwa wakati mmoja isizidi miwili, kwa maana anayelipa deni kwa deni huacha kujua anamdai nani na anadaiwa na nani. Karo ya Februari, ambayo ndiyo huvuruga mipango yote hii, ni bora iwekewe gunia moja la mahindi ya Desemba lisiuzwe mpaka shule ifunguliwe, na bei ya Februari huwa nzuri zaidi.

Msimu huu mimi nimepanda ekari moja na nusu badala ya mbili. Mbegu nimelipia kwa mgao wa sanduku, ambalo nasi sasa tunaligawana Februari. Vibarua wa palizi ya pili nitawalipa kwa shilingi 200,000 nitakazokopa humohumo Aprili na kurejesha 240,000 maharage yakitoka Juni. Jina langu liko katika orodha ya PDM kwa ajili ya nguruwe wawili, nafasi ya 63, na banda lao nimekwisha kuchimbia nguzo nne.